Shina D liko wapi?

Nyamigogo ni jina linalotajwa Ngara, na Biharamulo pia linatajwa. Ukiwaambia watu wa Kagera kwamba barua yako iende Nyamigogo, ukanyamaza hapo, anayeipokea atakuuliza jambo moja kabla hajashika kalamu: ya wilaya gani? Swali ni la haki. Nchi yetu imepangwa hivyo: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Jina la mahali likitajwa peke yake ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni majina ya vyote vilivyo juu yake.

Na hivyo vilivyo juu hubadilika bila mahali penyewe kusogea hata hatua moja. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita vya kumwondoa Idi Amin. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo, ikakatwa na kuwa wilaya, kisha 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, ikahamishiwa huko. Mkulima wa pamba wa Chato alilala Kagera akaamka Geita, na shamba lake lipo palepale. Kilichobadilika ni njia ya kulifikia katika makaratasi ya serikali, na barua iliyoandikwa kwa njia ya zamani ikawa na sababu ya kupotea.

Nimetanguliza haya kwa sababu yako karibu mno na tatizo ambalo maafisa TEHAMA wa ofisi zetu wanalikuta kila mara. Ofisi ina seva ya Windows. Ndani yake kuna herufi: C, D, pengine E. Mtu aliye mbali anaingia kwa FTP akitafuta faili lililoko D. Anafika, anapokelewa vizuri, anatazama, na hiyo D haioni popote. Anaona kipande cha C tu, basi. Dawa ya tatizo hili ipo na si ngumu. Kiswahili chetu cha kuieleza ndicho kilichokwama, na kimekwama kwenye neno la kwanza kabisa: hiyo C na hiyo D tuziite nini?

Tuangalie zilikotoka. Kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka 1981 ilitumia diski laini za kutumbukiza, na iliweza kuwa na matundu mawili. Tundu la kwanza likaitwa A, la pili B. Desturi yenyewe ya kutumia herufi ilikuwapo kabla: Gary Kildall aliiweka kwenye mfumo wake wa CP/M katikati ya miaka ya 1970, na MS-DOS ikairithi. Mwaka 1983 IBM ilipotoa mashine ya XT yenye diski ngumu ndani, A na B zilikuwa zimeshachukuliwa, kwa hiyo diski ngumu ikapewa C. Leo diski laini zimekwisha. Kijana aliyezaliwa Biharamulo baada ya 2000 huenda hajawahi kuishika hata moja, lakini C imebaki C, na mwanafunzi makini hakosi kuuliza A na B zilikwenda wapi.

Waingereza na Wamarekani waliipa kila herufi jina la ile mashine inayozungusha diski. Wafasiri wetu wakaifuata asili hiyo, wakakichukua kitenzi endesha, wakapata kiendeshi. Kwa kanuni za uundaji wa maneno hakina kasoro. Kimejengwa sawasawa na kichapishi. Kimo katika orodha za istilahi na katika programu zilizofasiriwa. Lakini kaa na watu wanaofanya kazi na utaona kwamba hakikubaliki midomoni mwao. Fundi wa mjini Ngara atasema "diski D" au "draivu D", na wengi husema herufi peke yake: "iko kwenye D." Mimi siwalaumu. Naona wana sababu nzuri, na sababu hizo hazijasikilizwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba kiendeshi kimebebeshwa mizigo miwili. Ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kichapishi au kamera nayo tunaiita kiendeshi. Sasa mtu akipiga simu kusema "kiendeshi hakionekani", unaanzia wapi? Huenda kichapishi hakina programu yake. Huenda diski imechomoka. Istilahi inayomlazimisha msikilizaji aulize swali la pili kabla hajaelewa la kwanza haijatimiza kazi yake.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Hakuna tena kinachoendeshwa. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka ndani. Na hata kwenye zile zinazozunguka, mara nyingi C na D ni vipande viwili vya diski moja. Fundi ameigawa alipokuwa anasakinisha Windows, mfumo ukabaki C na kazi za ofisi zikawekwa D, ili siku mfumo ukiharibika kazi zisiguswe. Mashine ni moja, herufi mbili. Ukisema seva hii ina viendeshi viwili, umesema uongo kuhusu chuma kilichomo ndani. Kwa sababu hiyohiyo hata "diski D" ya mafundi haijitoshelezi, ingawa iko karibu zaidi na akili ya kawaida.

Yapo majaribio mengine. Baadhi ya tafsiri huita kila kipande kizigeu. Lakini kizigeu ni ukuta mwembamba unaokigawa chumba, nasi tunatafuta jina la chumba. Wengine wamekutana na neno la Kiingereza ambalo kwa vitabu huwa juzuu, wakaandika juzuu. Ukimwambia katibu mahsusi afungue juzuu D, atakwenda kwenye kabati la vitabu, na atakuwa sahihi kabisa.

Pendekezo langu ni shina. Shina C, shina D.

Mpangilio wa mafaili ndani ya kila herufi ni mti: kuna mahali pa kuanzia, pametoka matawi, matawi yametoa vitawi, na mwishoni kabisa kuna faili. Istilahi zetu zimeshaukubali mti huo, maana pale pa kuanzia tunapaita mzizi. Tuna mzizi na tuna matawi. Kilicho kati yake kimeachwa bila jina, na Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Mtanzania analifahamu shina hata kama hajawahi kugusa kompyuta: shuleni amefundishwa shina la kitenzi, na mtaani anamjua balozi wa shina, yule ambaye nyumba kadhaa ziko chini yake. Kila mahali neno hilo lina maana ya kile ambacho vingine vimeshikamana nacho. Na mimi nikilisikia jina la Nyamigogo nasikia migogo humo. Wanyarwanda na Warundi, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, gogo huliita umugogo. Katika nchi yenye jina la namna hiyo sioni kwa nini tushindwe kuitazama seva na kuona mashina yaliyosimama mbalimbali, kila moja na mzizi wake.

Neno hilo linatupa jambo ambalo kiendeshi hakiwezi kutupa: linaeleza tofauti iliyopo kati ya Windows na mifumo ya ukoo wa Unix, kama Linux. Katika Linux shina ni moja tu. Hata uongeze diski kumi, zote zitaonekana kama matawi ya mzizi mmoja, na mzizi huo huandikwa kwa alama moja, mkwaju. Napenda kwamba alama hiyo tunaiita kwa neno ambalo pia ni jina la mti. Katika Windows kila herufi ina mzizi wake, na huwezi kutoka shina C ukafika shina D kwa kupanda au kushuka matawi. Ni lazima utaje D. Njia ya Windows huandikwa kwa mkwaju ulioinama upande wa pili, kwa sababu MS-DOS ya mwanzo ilikuwa imeutumia mkwaju wa kawaida kwa shughuli nyingine kabla haijawa na makabrasha, na makabrasha yalipokuja 1983 alama ilikuwa imeshachukuliwa. Hadithi ni ileile ya A, B na C: anayewahi ndiye anayekaa.

Sasa FTP. Herufi zake tatu hufasiriwa kama Itifaki ya Kuhamisha Faili, na maneno mawili kati ya hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Itifaki ni moja ya istilahi bora tulizo nazo. Asili yake ni Kiarabu, maana yake ni makubaliano, na hakuna Mtanzania aliyekaa kwenye mkutano wa hadhara asiyeijua. Mzungumzaji akisimama, kabla ya lolote husema "itifaki imezingatiwa", maana yake waheshimiwa wote wamekwisha kutajwa kwa mpangilio wao na sasa tuendelee. FTP ni itifaki kwa maana hiyohiyo. Abhay Bhushan, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika rasimu yake ya kwanza Aprili 1971. Kanuni zinazofuatwa hadi leo zilitolewa Oktoba 1985 na Jon Postel na Joyce Reynolds, na ziko katika waraka unaoitwa RFC 959. Ukizisoma unakuta mpangilio wa nani aseme nini kwanza na ajibiwe nini. Seva inaanza kwa namba 220, yaani niko tayari. Mgeni anataja jina lake. Seva inajibu 331, jina nimelisikia, leta nenosiri. Analeta. Inajibu 230, umeingia. Akiomba faili na likafika salama anaambiwa 226. Akiaga anapewa 221. Akiomba asichoruhusiwa au kisichokuwepo anapewa 550, na hiyo 550 tutairudia.

Mazungumzo haya hupita kwenye mlango namba 21, na mafaili yenyewe hupita njia nyingine pembeni, ili maongezi na mizigo visigongane. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia vizuri, akasalimiwa, akaomba orodha ya mafaili, halafu akangoja bila kupata kitu: mlango wa maongezi umefunguliwa kwenye ukuta wa moto, njia ya mizigo imesahauliwa.

Neno la pili, kuhamisha, linanitia shaka. Mtu akihama Biharamulo kwenda Bukoba, Biharamulo hayupo tena. Mwalimu akihamishwa, darasa lake linabaki bila mwalimu. FTP haifanyi hivyo. Unapoomba faili, seva inakupa nakala yake na lenyewe linabaki pale lilipo, halijapungua. Mtunza kumbukumbu wa masjala, ambaye maisha yake yote amefundishwa kwamba jalada likitoka lazima liandikwe kwenye daftari maana halipo tena kabatini, akisikia kwamba mafaili yatahamishwa kwa FTP ana haki ya kuogopa. Kuna wanaotumia uhawilishaji, neno ambalo vijijini wengi walilizoea kupitia uhawilishaji fedha wa TASAF kwa kaya maskini. Nalo lina dosari ileile, kwa sababu fedha iliyohawilishwa imetoka mkono huu imeingia mkono ule. Ningependa tuseme kunakilisha, au tuseme wazi kupeleka na kuleta nakala. Pakia na pakua zina kasoro hiyohiyo kwa mtu anayefikiria jahazi na shehena, lakini zimeshashinda, kila mwenye simu anazitumia, na sioni faida ya kupigana nazo.

Tufike kwenye kiini cha jambo. Mazungumzo ya aina hii kwenye simu nimeyasikia mara nyingi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeingia, lakini yale mafaili ya malipo siyaoni."

"Yako D, mama."

"D ipi? Hapa juu naona kimkwaju kimoja tu, na chini yake kabrasha mbili."

"Mama, hizo ni za C. Nenda kwenye D."

"Sasa mwanangu, hiyo D nitaipitia wapi?"

Mama huyu yuko sahihi kuliko fundi wake. Alichokiona ndicho kilichopo. Seva ya FTP haimfungulii mgeni kompyuta nzima. Inamkabidhi kabrasha moja na kumwambia kwamba huo ndio mzizi wako. Katika Windows, kwa kawaida kabrasha hilo liko kwenye shina C, ndani ya inetpub, na linaitwa ftproot. Mgeni akiuliza yuko wapi, anajibiwa 257 na mkwaju mmoja, kana kwamba yuko kwenye mzizi wa dunia. Ukweli ni kwamba yuko kwenye tawi, na kwa upande wake hakuna kilicho juu ya tawi hilo. Kanuni za 1985 hazikuamrisha njia iandikwe namna gani. Ziliacha kila mfumo wa mafaili ufuate desturi yake. Lakini programu nyingi anazotumia mgeni zimezoea dunia ya shina moja, na seva ya Windows nayo imejitahidi kujionyesha hivyo. Akiandika D na nukta mbili, katika seva nyingi atajibiwa 550.

Dawa iliyozoeleka ni hii. Kwenye IIS, programu ya Microsoft inayoendesha huduma hiyo, msimamizi anafungua tovuti yake ya FTP, anaongeza kitu ambacho kwa Kiingereza kinaitwa kwa neno lenye maana ya "kama kweli", anakipa jina, tuseme malipo, na kukielekeza kwenye kabrasha la Malipo lililoko shina D. Kuanzia hapo mgeni akiandika njia ya mkwaju na malipo, anajikuta shina D bila kujua kwamba amevuka. Mafaili yanaonekana, anachukua, anaweka.

Tafsiri, ambazo kabrasha huliita pia saraka, zinaita kitu hiki saraka pepe, au saraka dhahania. Nazipinga zote mbili, na ninazipinga kwa sababu ya usalama wa kazi za watu. Kitu dhahania ni kitu cha kufikirika. Mtu akiambiwa kwamba anachokiona ni dhahania, ataona hakuna ubaya kukifuta. Akifuta faili ndani ya saraka hiyo, amelifuta faili la kweli kwenye shina D, na halirudi. Hapa hakuna dhahania yoyote. Kilichopo ni jina la pili la mahali halisi, na jina la pili Kiswahili kinaliita lakabu. Mshairi ana lakabu yake, lakini anayekula na kulala ni mtu mwenyewe. Ukimjeruhi mwenye lakabu umemjeruhi mtu. Tuseme saraka lakabu, na kila atakayelisikia atajua kwamba nyuma ya jina kuna kitu.

Saraka lakabu ina tabia moja inayowapotezea mafundi saa nyingi. Usipoiruhusu, haionekani kwenye orodha. Mgeni akilijua jina lake na kuliandika anaingia, lakini akitazama tu haioni. Katika mipangilio ya IIS ya kuorodhesha makabrasha kuna kisanduku cha kutia alama ili saraka za namna hiyo zionyeshwe, na wengi hawakifikii. Mafundi wa zamani walikuwa wanatengeneza kabrasha tupu lenye jina lilelile ndani ya ftproot, ili jicho liwe na cha kuona, na lakabu ikafanya kazi nyuma yake. Mbinu hiyo bado inafanya kazi.

Ruhusa nazo ni mbili, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kuna ruhusa ya huduma ya FTP, na kuna ruhusa ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, juu ya kabrasha lenyewe lililoko D. Zote mbili zikubali. Moja ikikataa, mgeni anapewa namba 550, na namba hiyo haimwambii ni ipi iliyokataa.

Ipo njia ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niipende istilahi ya shina kuliko nilivyotarajia. Windows inaruhusu shina D lote liunganishwe kwenye kabrasha tupu lililoko shina C, kiasi kwamba ukiingia kabrasha hilo uko D. Kwa hili hatuna neno linaloeleweka. Wengine husema kupandisha, wengine kupachika, na hakuna linalomfanya mtu aone kinachotokea. Lakini mwenye kitalu cha miche analo. Mche wa parachichi au wa mwembe ukikatwa, kikonyo cha aina nyingine kikaunganishwa juu yake, wakulima wetu wanasema umebebeshwa. Miche iliyobebeshwa inauzwa kwa jina hilohilo, na mnunuzi anajua anacholipia: shina hili, matunda ya mti ule. Kubebesha ndilo neno. Shina D limebebeshwa kwenye tawi la C. Masharti yake yanaelezeka kwa neno hilo bila shida: tawi linalobebeshwa liwe tupu, na liwe la NTFS. Na seva ya FTP, ambayo inaona C peke yake, itapanda tawi hilo na kuchuma matunda ya D bila kuhitaji lakabu yoyote.

Nataja jambo la tatu kwa haraka, kwa sababu ni mtego. Watu wengi maofisini wana herufi ya Z au Y ambayo inawapeleka kwenye seva nyingine kupitia mtandao wa ndani. Herufi hiyo ni ya mtu aliyeingia, si ya mashine. Huduma ya FTP inaendeshwa chini ya akaunti nyingine na haiioni kabisa, hata kama wewe unaiona mbele yako. Hapo lazima njia iandikwe kwa jina kamili la seva ile nyingine, ikianza na mikwaju miwili ya nyuma. Hizo ningeziita mashina ya kuazima.

Kuhusu usalama nitasema machache ila kwa msisitizo. FTP ya asili hupeleka jina na nenosiri wazi, na aliye njiani anaweza kuvisoma. Tangu 2005 ipo kanuni ya kuifunika kwa usimbaji, inayoitwa FTPS. Ipo pia SFTP, ambayo jina linafanana lakini ni itifaki nyingine kabisa inayopita ndani ya SSH, na kuzichanganya mbili hizi kumeleta usumbufu mwingi. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliacha kufungua FTP mwaka 2021. Mkongo wa taifa umefika Rusumo na Kabanga, mipakani kabisa mwa Ngara. Ofisi za huku haziko tena pembeni ya mtandao, na wezi wa mtandao wanazifikia kwa urahisi uleule. Kwa hiyo asiwepo wa kumbebeshea mgeni shina zima wakati anahitaji kabrasha moja.

Nikirudi kwenye maneno: kazi kubwa imefanywa na watangulizi. BAKITA lipo tangu 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu viliwalisha walimu na waandishi kwa miaka. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo ikaifasiri Windows. Istilahi nyingi za leo zilipita mikononi mwa watu hao, na ni heshima kwao kwamba barua pepe na tovuti hazina tena ugeni. Lakini walifasiri menyu: walikuwa na neno la Kiingereza upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili, na waliijaza. Neno linalojaza nafasi kwenye skrini ni tofauti na neno linaloweza kusemwa kwenye simu saa kumi jioni, mtandao unakatika, na mama wa malipo anasubiri. Kabrasha limezama mbele ya folda katika ofisi nyingi kwa sababu hiyo, na kiendeshi hakijawahi hata kuelea.

Ombi langu kwa BAKITA, na kwa walimu wa vyuo vya TEHAMA wanaofundisha vijana wa Kagera na kwingineko, ni hili. Kiendeshi kiachwe kwa programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi, na hapo kitatosha sana. Herufi za Windows ziitwe mashina. Jina la pili la kabrasha liitwe lakabu, na neno dhahania liondolewe hapo kabla halijamfutia mtu kazi yake. Kuunganisha shina kwenye tawi kuitwe kubebesha. Na wewe fundi unayeandika maelekezo ya kuingia kwenye seva ya ofisi, andika njia nzima tangu mwanzo, uanze na shina, kisha mzizi, kisha kila tawi kwa zamu yake hadi kwenye faili, halafu uandike pembeni njia ambayo mgeni wa FTP ataiona upande wake. Hizo ni njia mbili za mahali pamoja, na anayepokea simu anazihitaji zote.